Zimwi, Nunda na Mutumbula: Hadithi ya Kutisha kwa Msikilizaji Anayekaribia Utu Uzima

Hadithi za kutisha aghalabu huchukuliwa kuwa ni hila ya kuwanyamazisha watoto wadogo. Maoni hayo hayatoshelezi. Mtoto mdogo hutishwa ili alale. Mtoto wa miaka 10 hadi 14 huitafuta hofu yeye mwenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hadithi inavyotofautiana na hofu yenyewe. Suala hilo lina uzito wa pekee kwa mwalimu wa Lubondja, Baraka au penginepo katika Fizi, ambako vita vya mwaka 1996 na 1998 viliwatawanya watu wengi, baadhi yao wakavuka Ziwa Tanganyika na kufika katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Je, ni halali kumtisha mtoto ambaye jamaa zake wamekwisha kutishwa na bunduki?

Tuanze na lugha. Neno zimwi lina nasaba moja na mzimu na kuzimu. Katika Kivu hiyohiyo, utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, unaye Kirimu, dubwana lenye vichwa saba, ambaye jina lake ni la ukoo huohuo. Aidha, sarufi ya Kiswahili yenyewe hutisha. Mtu akigeuka jitu, nyoka akigeuka joka, upatanisho nao hubadilika: “mtu amekuja” huwa “jitu limekuja”. Msikilizaji hutambua kwa kiambishi tu kwamba kilicho mlangoni kimetoka katika jamii ya watu.

Mfano ulio bora ni hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja. Paka wa sultani anakula mifugo, kisha watu. Kila anaposhtakiwa, sultani hujibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Mpaka wanawe wanapoliwa ndipo anapokiri kwamba huyo si paka tena, bali ni nunda. Kitindamimba anakwenda kumwinda. Mara kwa mara anarudi na mnyama aliyemwua, na kila mara mama yake anamwambia kwamba huyo siye, hadi anapompata nunda mwenyewe. Hapa kiini cha hofu si meno ya mnyama, bali ni mkubwa anayekataa kuiita hatari kwa jina lake. Jambo hilo mtoto wa miaka 12 huliona wazi.

Tulinganishe na uvumi wa mutumbula, ulioenea katika Kongo ya Wabelgiji, hususan Katanga. Jina hilo linatokana na kitenzi ambacho katika Kiswahili cha pwani ni kutumbua, yaani kupasua. Wingi wake ni batumbula, kwa kiambishi ba-. Iliaminiwa kwamba watu hao waliwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Uvumi huo ulibeba ukweli kuhusu uonevu wa kikoloni, lakini haukuwa na mwanzo rasmi, wala alama ya kumtambua adui, wala mwisho. Mutumbula angeweza kuwa jirani yeyote. Nunda ana alama zake, na hadithi yake huisha.

Kwa hiyo, mwalimu anayechagua hadithi apime mambo matatu: kwanza, je, hatari inapewa jina? Pili, je, ina alama zinazoweza kujifunzwa? Tatu, je, inafika mwisho msikilizaji akiwapo? Hadithi inayomfanya adui awe kabila au ukoo wa jirani haipiti mizani hiyo, hata ikisimuliwa kwa ufundi. Huo ni uvumi uliovikwa nguo ya hadithi, na katika Fizi uvumi wa namna hiyo unaweza kuua.

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa mtoto wa Lubondja tungeongeza kwamba naye pia yafaa alijue zimwi, na mahali salama pa kujuana nalo ni ndani ya hadithi, pamoja na mtu mzima asiyekwepa maswali yake.