Utangulizi: Fundi Darasani

Tuanze na kitanda cha kamba. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya kando na vitakizo viwili, kimoja kichwani na kimoja miguuni. Tendegu hutobolewa tundu, mfumbati ukachongwa ulimi, kisha fundi akakiwamba kwa kamba ya usumba. Kadiri kamba inavyovutwa ndivyo viungo vinavyobanana, wala msumari hauhitajiki. Mwalimu wa fizikia akikitazama vizuri hatakosa la kufundisha.

Nimekitanguliza kwa makusudi. Ukitaja samani za Waswahili, wengi hukimbilia kiti cha enzi cha Lamu, chenye mgongo mrefu na njumu za pembe. Ni kizuri, na makala ya James de Vere Allen ya 1989 juu ya viti hivyo haikwepeki. Lakini kiti hicho kilikuwa cha majumba machache. Kitanda kililaza watu wengi zaidi.

Shule za umma zimeujaribu ufundi zaidi ya mara moja. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na leo ina mkondo wa amali. Kenya iliingiza kazi za mikono katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kwa maoni yangu, kilichofundishwa zaidi ni useremala wa stuli na rafu, ambao ungefaa popote duniani. Samani za kwetu zilibaki kwa mafundi.

Na fundi huingiaje shuleni? Mwanagenzi wake hujifunza kwa kukaa naye miaka, akitazama zaidi ya kuambiwa. Kipindi cha dakika 40 huisha patasi haijanolewa. Isitoshe, fundi hana cheti cha ualimu, na mwenye cheti pengine hajawahi kuwamba kitanda. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao; ratiba zetu zingemgawa idara tatu, na huenda zote zingemkataa. Swali hili ndilo litakalotushughulisha zaidi kuliko mengine yote.

Limebaki la mbao. Mpingo, kama jamii yake yote, tangu 2017 umo katika orodha za CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mvule bei yake si ya shule. Mwanafunzi anayejifunza ataharibu mbao nyingi, na ni haki yake. Basi apewe mwembe mzee uliokwisha kuzaa.