Uvimbe wa titi ukitolewa, ulizia nyama imepelekwa wapi

Mwanamke wa Kayole au Dandora, Nairobi, akipapasa uvimbe kwenye titi, aghalabu huanzia kwa chemisti. Atapewa antibiotiki na kuambiwa asubiri. Kama uvimbe hauumi na unateleza chini ya kidole, hata daktari mzoefu atasema ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani unaowapata sana wasichana. Na kwa kawaida atakuwa amesema kweli.

Lakini upo uvimbe mwingine unaofanana nao mno, uitwao filodesi. Mjerumani Johannes Müller aliueleza mwaka 1838. Ni nadra: haufiki 1 katika kila uvimbe 100 wa titi, na huwapata zaidi wanawake wa miaka 40 hivi. Saratani tuliyozoea kuisikia huanzia kwenye mirija na vitezi vya maziwa. Filodesi huota kwenye nyama laini inayoizunguka mirija hiyo. Ukipasuliwa, ndani mna mikunjo iliyolaliana kama majani ya kabeji. Dalili ya kushtua ni mwendo wake: unaweza kutulia miaka, kisha ukavimba ghafla kwa miezi michache.

Picha ya ultrasaundi haiwezi kuutofautisha kwa uhakika. Sindano nyembamba nayo huvuta chembe chache zisizotosha. Kinachohitajika ni bayopsi ya sindano nene: ngozi hutiwa ganzi, sindano yenye springi inalia ‘ka!’, inatoka na kijipande cha nyama. Kijipande kinatiwa kwenye fomalini, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba sana na kutiwa rangi. Hapo mwanapatholojia huhesabu chembe zinazogawanyika na kukagua kingo, ndipo aseme kama uvimbe ni salama, uko katikati, au ni saratani. Wakati mwingine hata yeye husubiri uvimbe wote utolewe.

Mbona usumbufu wote huu? Kwa sababu matibabu si yale yale. Filodesi yenye dalili za saratani hukatwa pamoja na nyama nzima inayoizunguka, kama sentimita 1 kila upande. Ikichokolewa juu juu, hurudi. Tezi za kwapa huguswa kwa nadra, kwani ikisambaa hupitia kwenye damu, hasa kuelekea mapafuni. Dawa za homoni za saratani ya titi haziisaidii.

Kinachoniudhi ni upasuaji mdogo wa mitaani ambao nyama yake huishia kwenye pipa la taka. Gharama ya maabara ni mzigo, najua, ila upasuaji wa pili ni mzigo mkubwa zaidi.

Basi dada, uwe unatibiwa hospitali ya Mama Lucy, ya Kenyatta au kliniki ya mtaani Umoja, kabla ya kulala kwenye kitanda cha upasuaji uliza nyama itapimwa wapi na majibu yatatoka lini. Hakikisha chupa imeandikwa jina lako. Ripoti ikitoka, omba nakala uiweke pamoja na kitambulisho chako.