Doctor Who: uso mpya, kelele ile ile

Wandugu, kuna seri moja ya Uingereza, Doctor Who, ilianza 1963. Mwigizaji wake mkubwa, William Hartnell, alipodhoofika kwa ugonjwa 1966, watengenezaji hawakufunga seri. Walitunga hivi: Doctor si mtu wa dunia hii, akiwa karibu kufa, mwili wake unageuka, anapata uso mwingine, lakini ni yeye yule. Akaingia Patrick Troughton. Ni kama kupandikiza mwembe: shina la zamani, tawi jipya.

Tangu hapo kila uso mpya unaleta kelele: huyu si Doctor! Alipotajwa Jodie Whittaker, mwanamke, 2017, kelele ikapanda. Mei 2022 akatajwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, ambaye familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya 1994. Ndiye mweusi wa kwanza kuongoza seri ile.

Mi naona tutenganishe malalamiko. Mwenye kusema hadithi imeandikwa vibaya, ama Doctor huyu analia mno, tumusikilize, juu anahukumu kazi. Lakini mwenye kukataa mbele ya kuona hata epizodi moja, huyo anahukumu ngozi na kuzaliwa. Sisi wa Uvira tunalijua sana lile ulizo la "unatoka wapi?" linalotangulia "unajua nini?"

Mei 2025 Gatwa akaondoka. Uso uliotokea ni wa Billie Piper, ambaye tangu 2005 mashabiki wanamujua kama Rose, mwenzake Doctor safarini. Wakaanza tena kubishana: ni Doctor kweli, ama ni fumbo?