Tusome Nini Kuhusu Vita? (Sehemu ya Pili): Kijana Aliyewafuata Askari

Juma lililopita tulizungumzia tenzi. Leo ni zamu ya riwaya na tamthilia, na nitaanzia Malampaka. Reli ipitayo hapo ilifika Mwanza mwaka 1928, miaka 10 baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo Waingereza walipoiteka Mwanza Julai 1916, risasi na unga havikusafiri kwa behewa katika eneo hili, bali vichwani mwa watu. Vitabu vya kijeshi huwahesabu wapagazi hao kwa maelfu, basi. Riwaya humchukua mmoja, ikampa jina na njaa yake.

Anza na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Vita vyenyewe havionekani mpaka mwisho (naomba radhi kwa kuufichua), pale Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anapoukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Anatafuta nini kwa watu wanaokamata vijana wenzake? Katika Afterlives (2020) Gurnah analirudia swali hilo bila haraka. Hamza anajiunga kwa hiari na kujuta mapema. Ilyas anawaamini Wajerumani hadi anafia katika kambi ya Sachsenhausen. Hilo halikutoka hewani: Bayume Mohamed Husen, aliyelitumikia jeshi lao tangu utotoni, alifia kambini humo mwaka 1944.

Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein ni ya daraja jingine. Maji Maji imo, lakini kinachomshughulisha Hussein ni mtu anayetoa neno, kisha neno likamponyoka na kuwa la watu. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni. Walimu wengi hulisahau hilo, wakaifundisha kama historia. Isomeni kwa sauti, mkigawana wahusika. Ukiisoma peke yako kimyakimya utapoteza nusu yake.

Kwa vijana kuna Ngome ya Mianzi ya M. M. Mulokozi, kuhusu Wahehe na Wajerumani. Ni fupi, ina mwendo, na mtoto wa darasa la saba ataimaliza.

Juma lijalo ni Kagera, 1978 hadi 1979. Huko kazi ni ngumu zaidi, maana wengi waliopigana tunakaa nao barazani, na mwandishi akikosea watamwambia.