Tembe za moyo: Usiziache eti kwa kuwa umepata nafuu

MOYO wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, kwa mpango. Lakini kuna watu ambao moyo wao hupiga ovyo: mara mbio, mara unasita, mara unaruka. Mgonjwa huhema akipanda kilima kidogo tu na kushikwa na kizunguzungu.

Huenda hayo yakawa maradhi ambayo madaktari huyaita atriali fibrilesheni. Vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kujikaza na kusukuma damu, hupapatika tu. Amri za umeme ndani yake hupita 300 kwa dakika. Kwa bahati njema, katikati ya moyo kuna kituo kinachozuia nyingi zisifike vyumba vya chini. Hata hivyo, zinazopenya zaweza kuufanya moyo upige mara 150.

Wengi wanaougua ni wazee na watu wenye shinikizo la damu. Hapa kwetu hata vijana huugua, hasa wale ambao vali za moyo wao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Mgonjwa mara nyingi hupewa dawa za aina ya beta-bloka, kama vile atenolol, metoprolol au bisoprolol. Propranolol, iliyozitangulia, ilitokana na kazi ya Sir James Black wa Scotland miaka ya 1960. Alituzwa Nobel mwaka wa 1988.

Je, zinafanyaje kazi? Siri imo katika madini ya kalsiamu. Kila pigo huanza kalsiamu kidogo inapoingia ndani ya seli ya moyo. Hicho kidogo hufungua ghala lililomo mle ndani, kalsiamu nyingi ikamwagika na seli ikajikaza. Kisha pampu huirudisha ghalani, seli ikalegea.

Katika maradhi haya, ghala huvuja. Kalsiamu inayovuja huzua umeme usio na wakati wake, nao huchochea mapigo ya ovyo. Mtu akishtuka au akikasirika, homoni ya adrenalini hushika vipokezi vilivyo juu ya seli. Kalsiamu huingia kwa wingi zaidi, ghala likafurika na kuvuja zaidi.

Beta-bloka huvikalia vipokezi hivyo kabla adrenalini haijafika. Kalsiamu inayoingia hupungua, ghala hutulia, na kile kituo cha katikati hupitisha amri chache. Vyumba vya juu huenda vikaendelea kupapatika, lakini vya chini hupata nafasi ya kujaa damu. Ndiyo maana mgonjwa huona nafuu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Wengi wakipata nafuu huziacha tembe ghafla. Lakini mwili uliozoea dawa huwa umeongeza vipokezi. Dawa ikiondoka, adrenalini huvikuta vingi na vitupu. Moyo hukimbia kuliko mwanzo, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba aweza kupata mshtuko wa moyo. Dawa hizi hupunguzwa polepole, kwa ushauri wa daktari.

Pia kumbuka kwamba beta-bloka hazizuii kiharusi. Damu inayotuama katika vyumba vinavyopapatika huweza kuganda, na donge likaenda ubongoni. Kwa hivyo wagonjwa wengi huhitaji pia dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarin, ambayo hutaka damu ipimwe mara kwa mara. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuanza beta-bloka, kwani baadhi yake hubana njia za pumzi.

Wala usiache maziwa kwa kuogopa kalsiamu. Kinachosumbua ni jinsi seli inavyoitumia, si kikombe chako cha chai.

Leo, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa hayana mpango, nenda hospitali upimwe umeme wa moyo.