Bustani ya Mkulima wa Italia kwenye Vilima vya Bukavu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia kuta za ndani na kupaka chokaa. Leo tunatoka nje, na hapa ndipo wengi wanaopenda nyumba za shamba za Italia wanapokosea, kwa sababu wanaanza na vyungu na maua. Mkulima wa Italia alianza na ukuta. Shamba lake lilikuwa mteremkoni, udongo ulishuka kila mvua iliponyesha, na fedha hakuwa nazo. Alikuwa na mawe aliyoyaokota akilima. Akayapanga bila saruji, akapata ngazi za ardhi tambarare, akapanda mizabibu, mizeituni na mboga. Kinachopendwa leo kama pambo kilikuwa kinga ya chakula chake.

Katika vijiji vya Cinque Terre, pwani ya Liguria, kuta hizo zimefunika milima mizima. Vijana walipohamia mijini karne iliyopita, nyingi zilikosa mtu wa kuzitunza. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ikashusha matope na mawe hadi ndani ya Vernazza na Monterosso, na watu wakafa. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Italia na nchi nyingine saba.

Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi. Tumejenga juu ya udongo mwekundu mzito uliotokana na mawe ya volkano ya kale, na udongo huo ukilowa sana huteleza. Mwezi Mei 2023, jirani zetu wa Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, walipoteza watu zaidi ya 400 kwa mafuriko. Ukuta wa bustani haungezuia maji ya namna ile. Lakini parseli moja ya Kadutu au Ibanda inayoshika udongo wake humpunguzia mzigo jirani aliye chini, na hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko uzuri wowote.

Jengeni kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Chimbeni msingi hadi udongo mgumu, kisha mweke mawe makubwa chini. Kila jiwe likae juu ya maungio ya mawili yaliyo chini yake, na ukuta wote uegemee kidogo upande wa mlima. Hapa na pale lazeni jiwe refu linaloingia ndani ya kilima, maana ndilo linaloushikilia ukuta. Nyuma jazeni kokoto, wala si udongo, ili maji yapate njia. Ukuta wa saruji usio na matundu huyafungia maji nyuma yake hadi siku yanapousukuma ukaanguka. Huu wa mawe huyaacha yapite. Ukizidi kimo cha mita moja, mwiteni fundi anayejua mawe.

Mimea msiinunue kwa picha. Mzeituni huhitaji majira ya baridi ili utoe maua, nasi hatuna. Utaota, ila msitegemee matunda. Mzabibu nao husumbuliwa na ukungu katika mvua zetu. Juu ya kichanja cha kivuli pandisheni marakuja, ambayo hufunika haraka na kulisha watoto. Rozmari hustawi vizuri juu ya ukuta, ambapo maji hayatuami. Katika ngazi zilizobaki pandeni lengalenga, maharage na vitunguu bila kuona haya, kwani bustani ya mkulima wa Toscana ilikuwa ya kuliwa kwanza. Chini ya kichanja, meza ya mbao nzito na sahani ya sambaza vinatosha.

Vyungu vya Impruneta, karibu na Firenze, vinasifiwa kwa kustahimili baridi ya kugandisha. Bukavu haigandi. Nendeni kwa wafinyanzi Batwa wa Idjwi au Kabare, mlipe bei ya haki, na mwombe chungu kitobolewe kitakoni kabla hakijachomwa, kwa kuwa cha kupikia hakina tundu na mizizi itaoza.

Kazi hii yote itaharibika ikiwa maji ya bati yanamwagika moja kwa moja juu ya ukuta. Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kuyakinga, kuyahifadhi na kuyafikisha mferejini bila kumletea madhara jirani wa chini.