Mtoto wako ana saa ngapi za kazi ya nyumbani?

Wazazi na walezi wa Nakivale,

Mwanafunzi wa sekondari asome nyumbani kwa muda gani? Katika utafiti wa PISA wa mwaka 2012, vijana wa miaka 15 wa nchi nyingi waliulizwa swali hilo. Wastani wa nchi za OECD, nyingi zikiwa tajiri, ulikuwa saa 5 hivi kwa juma. Mjini Shanghai, China, ulikaribia saa 14, na vijana wa huko waliongoza. Lakini wa Finland hawakufikisha saa 3, nao pia walifanya vizuri. Basi wingi wa saa peke yake si dawa. Ilionekana pia kwamba watoto wa familia zenye uwezo walipata saa nyingi kuliko watoto wa maskini.

Hapa kwetu tatizo ni uchache wa saa. Tuko karibu na ikweta, na jua huzama mnamo saa moja jioni mwaka mzima. Mtoto anayefika nyumbani saa kumi na moja ana saa mbili tu za mwanga. Akitumwa maji, kisha kuni, kisha apike, giza limeingia. Mara nyingi anayetumwa ni msichana. Mwisho wa mwaka anaambiwa hana akili, kumbe alichokosa ni muda.

Tena wengi waliotoka Kongo walianza shule kwa Kifaransa. Hapa masomo ni kwa Kiingereza, hivyo wanahitaji muda zaidi.

Fahamuni pia kwamba katika mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, ulioanza mwaka 2020, kazi na miradi anayopewa mwanafunzi na walimu wake huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho wa mwaka wa nne.

Kwa hiyo:

1. Mpe kila mtoto, wa kike na wa kiume, saa moja ya kusoma kabla jua halijazama.

2. Gawanya kazi: leo kaka achote maji, kesho dada.

3. Usiku tumia taa ya sola ukiweza. Kibatari kina moshi, na kikianguka huunguza nyumba.

4. Hata kama hukusoma, mwambie akueleze alichojifunza. Akishindwa, kesho amwulize mwalimu.

Saa moja kwa siku, siku tano, ni saa 5 kwa juma, sawa na wastani wa nchi zile. Saa hiyo haigawiwi pamoja na posho. Ni wewe mzazi unayeitoa.